Kupanda mlima kwa skii kabla ya kuingia kazini

Swali: Shikamoo. Naishi Salt Lake City, huu ni mwaka wa sita, nafanya kazi ofisini na nina watoto wawili. Nimejifunza skii misimu miwili kwenye vituo vya lifti na njia za ugumu wa kati nateremka bila wasiwasi. Wenzangu watatu kazini hupanda mlima nje ya vituo kila Jumatano. Wanatoka mjini saa 11 alfajiri, wanapanda na skii zao miguuni, wanateremka, na saa 4 asubuhi wako mezani. Wamenialika. Safari wanayoitaja ni ya kupanda mita 600 hivi kwa umbali wa kilomita 4, na vifaa wanasema nitaazimwa. Je, inawezekana kweli ndani ya muda huo? Na ni salama kwa mtu kama mimi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kutoka alfajiri na kuwahi kazini inawezekana, na ni raha kubwa. Ila si kwa safari hiyo waliyokutajia, wala si kwa vifaa ambavyo utavigusa kwa mara ya kwanza gizani. Nitaanza na saa kabla ya theluji, kwa sababu siku ya kazi saa ndiyo inayowasukuma watu waingie mahali ambapo Jumamosi wangepapita mbali.

Mwongoza milima wa Uswisi, Werner Munter, alitupatia hesabu ambayo mtu anaweza kuifanya kichwani. Kila mita 100 za kupanda ni fungu moja, na kila kilomita ya mwendo ni fungu moja. Jumlisha. Anayepanda kwa skii humaliza mafungu 4 kwa saa, anayeteremka humaliza 10. Safari ya wenzako, mita 600 na kilomita 4, ni mafungu 10: saa mbili na nusu kupanda, saa moja kushuka. Jumla saa tatu na nusu juu ya theluji.

Sasa tuone mna saa ngapi kweli. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 ni saa tano. Ondoa dakika 45 za kwenda na 45 za kurudi kwa gari, na hiyo ni barabara ikiwa nzuri. Ondoa 15 za kujiandaa mkifika, 15 za kubadilisha vifaa huko juu, 15 za kupakia gari, na 30 za kuoga na kuvaa nguo za kazi. Zinabaki saa mbili na robo. Mimi huweka nusu saa ya akiba kwa ajili ya kamba iliyokatika au mwenzetu anayeumwa tumbo, na akiba hiyo siigusi ninapopanga. Basi mna saa moja na dakika 45. Ukirudi kwenye hesabu ya Munter, muda huo unatosha mafungu 5 tu: kwa mfano kupanda mita 300 kwa umbali wa kilomita 2. Ni nusu ya safari waliyokutajia.

Hata hayo mafungu 4 kwa saa ni mwendo wa mtu aliyezoea. Wewe anza na 3. Salt Lake City iko kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maegesho ya Alta, kituo cha skii mlimani juu ya mji, yako karibu mita 2,600, jirani na kimo cha kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Mgeni wa Kilimanjaro hufika Mandara kwa kutembea saa kadhaa. Wewe unafika kimo hicho ukiwa umekaa kwenye gari, kisha unaanza kupanda papo hapo. Pumzi itakukatika mapema kuliko unavyotarajia, na wala si aibu. Ila iingie kwenye mpango.

Inawezekana wenzako wana kasi kubwa na huimaliza safari yao kweli. Wapo watu wa namna hiyo. Kinachonitia hofu ni yale yanayofanyika siku ambayo hesabu haikutoshea na kikao kinawasubiri. Kwanza hurukwa ukaguzi wa vifaa pale kwenye gari. Kisha njia ndefu ya mgongoni mwa mlima huachwa na mteremko hukatwa moja kwa moja, maana ni mfupi. Wakati wa kushuka huchaguliwa bonde kali linaloangukia karibu na gari. Na yule aliyekuwa na shaka hunyamaza, maana kusimama kujadiliana ni dakika kumi. Ian McCammon, aliyechambua mamia ya ripoti za ajali za maporomoko ya theluji nchini Marekani, alionyesha kwamba waathirika wengi walikuwa wamepata mafunzo na dalili za hatari zilikuwa wazi mbele yao. Mazoea ya mahali, shauku ya kukamilisha walichopanga na imani kwa kiongozi wa kundi ndivyo vilivyowapeleka. Kikao cha saa 4 kiongeze kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza ni kukubaliana saa ya kugeuka kabla ya kutoka, na kuitaja kwa sauti kila mtu asikie. Kwa ratiba yenu ni saa 1:15 asubuhi. Popote mtakapokuwa saa hiyo, hata kama kilele kiko hatua hamsini, mnavua ngozi, yale mazulia membamba yanayonatishwa chini ya skii ili zisirudi nyuma unapopanda, na kushuka.

Angalia pia mwanga. Katikati ya Januari jua la Salt Lake City huchomoza karibu saa 1:50 asubuhi. Mkianza kupanda saa 12 kamili, safari yote ya juu mnaifanya kwa taa za kichwani, na mnateremka jua likiwa halijatoka. Gizani huoni ufa kwenye theluji. Huoni pia alama za poromoko la jana kwenye mteremko wa jirani, na hakuna dalili ya hatari inayozidi hiyo kwa ukweli. Utabiri wa siku wa Utah Avalanche Center, kituo kinachofuatilia maporomoko tangu mwaka 1980, hutoka mnamo saa 1:30 asubuhi, wakati ambao ninyi mtakuwa tayari juu. Anayetoka alfajiri hutembea na habari za jana, na usiku mmoja wa upepo unatosha kuzifanya zisifae. Upepo hubeba theluji kutoka upande mmoja wa ukingo na kuirundika upande wa pili kwa kasi inayozidi sana dhoruba yenyewe.

Ndiyo maana, kama ofisi yenu inaruhusu kupanga saa, ningekushauri uwashawishi wenzako mwende mchana. Katikati ya Februari jua huzama karibu saa 12 jioni. Ukianza kazi mapema na kutoka saa 8 mchana, saa 9 mko kwenye theluji, saa 11 mko kwenye gari na mwanga bado upo. Utabiri mmeusoma asubuhi mkinywa chai, barabara imekwisha funguliwa, na mmeona kwa macho upepo ulifanya nini usiku. Mchana una ubaya wake kuanzia Machi, jua linapolainisha miteremko inayotazama kusini na magharibi na theluji iliyolowa kuanza kuteleza, lakini hilo unaliona na kulihisi chini ya buti. Huku kuanza mchana kunapuuzwa, labda kwa sababu kuamka saa 10 usiku kunaonekana ni ushujaa.

Barabara nayo ina mambo yake. Barabara ya Little Cottonwood, inayopanda Alta, inakatizwa na njia zaidi ya 60 za maporomoko. Dhoruba ikipita, hufungwa alfajiri ili theluji iporomoshwe kwa makusudi kabla magari hayajaruhusiwa, na wakati mwingine wakazi na wageni wa Alta huamriwa wasitoke nje ya majengo kabisa. Asubuhi hiyohiyo yenye theluji mpya ambayo wenzako watakuwa na hamu nayo kuliko zote ndiyo asubuhi ambayo unaweza kukwama nyuma ya kizuizi, au juu, na bosi akakungoja hadi adhuhuri. Siku ya dhoruba na siku inayofuata, panga kuwa kazini. Na kama kuna anayependa kuja na mbwa wake, mabonde ya Little na Big Cottonwood hayaruhusu, kwa kuwa maji ya kunywa ya mji yanatoka huko.

Sasa theluji yenyewe, na hapa naomba usome polepole.

Vituo vya lifti vimekuzoesha ulinzi ambao huuoni. Kabla hujafika asubuhi, wafanyakazi wa kituo wamekwisha pita juu na baruti, wameangusha kilichokuwa tayari kuanguka na kufunga palipobaki na shaka. Alta ndiko Marekani ilikoanzia kutumia mizinga ya kijeshi kwa kazi hiyo, mwaka 1949, chini ya Montgomery Atwater wa Idara ya Misitu. Ukivuka kamba ya kituo, hakuna aliyekutangulia kuujaribu mteremko. Unaujaribu wewe kwa uzito wako. Katika ajali zilizoua watu, mara 9 kati ya 10 aliyesababisha poromoko ni mwathirika mwenyewe au mtu wa kundi lake.

Theluji ya kwanza ya Novemba hulala juu ya ardhi ambayo bado ina joto kidogo, huku anga kavu la usiku likiipoza kwa juu. Tofauti hiyo hupitisha mvuke ndani ya theluji na kuigeuza taratibu kuwa chembe kubwa zisizoshikana, kama sukari. Hutokea zaidi kwenye miteremko inayotazama kaskazini na mashariki, isiyopata jua la kutosha majira ya baridi. Dhoruba zinazofuata hulaza bamba zito juu ya tabaka hilo dhaifu, na bamba linaweza kukaa hivyo wiki nyingi, limetulia na linapendeza, mpaka mtu mmoja akanyage mahali pembamba. Wakati mwingine hata halihitaji kukanyagwa. Mtu aliye chini, kwenye tambarare, anaweza kulikata kutoka mbali na kuliangusha juu yake mwenyewe. Ukisikia mlio mzito wa theluji kushuka ghafla chini yako, au ukiona ufa unakimbia kutoka kwenye ncha ya skii, tabaka hilo limejitambulisha. Hapo hakuna cha kujadili. Rudini kwa njia mliyojia.

Tarehe 6 Februari 2021, kwenye mteremko uitwao Wilson Glade juu ya bonde la Millcreek, karibu kabisa na mji unaoishi, bamba la aina hiyo lilikatika likawachukua watu wa makundi mawili tofauti. Wanne walifariki. Walikuwa watu wazoefu. Mteremko wenyewe ulikuwa na nyuzi 30 na kidogo tu, si ukuta wa kutisha. Nakutajia ili usije ukapima hatari kwa kutazama jinsi mahali palivyo pakali. Jicho hudanganyika sana kwenye weupe.

Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Kwa matembezi ya siku ya kazi, shika kanuni hii bila kuilegeza: njia nzima iwe chini ya nyuzi 30, tena pasiwe na mteremko mkali juu yenu wala pembeni unaoweza kuwaangukia. Watu wengi hukumbuka nusu ya kwanza na kusahau ya pili. Ramani za CalTopo hupaka rangi miteremko kulingana na mwinuko, na unaweza kuifuata njia kwa kidole usiku wa Jumanne ukiwa kitandani. Mkiwa mlimani, laza fimbo ya skii juu ya theluji, weka simu juu yake na usome nyuzi. Mteremko wa nyuzi 25 wenye unga mpya unamtosha kabisa mtu wa misimu miwili. Mimi mwenyewe siku za kazi sitafuti zaidi ya hapo, na sijawahi kujiona nimekosa kitu.

Kanuni hiyo inakupa pia kitu ambacho siku ya haraka huna, yaani ruhusa ya kutofikiri sana. Kwenye miteremko mikali kila kona inadai uamuzi, na uamuzi mzuri unataka muda. Ukichagua mahali pasipo na uamuzi mgumu, haraka yako haina pa kukudhuru.

Utabiri hutumia rangi tano: kijani, njano, chungwa, nyekundu na nyeusi. Pamoja na rangi kuna duara linaloonyesha hatari iko upande gani wa mlima na kwenye kimo gani. Lisome hilo zaidi ya rangi. Wengi hudhani nyekundu ndiyo inayoua zaidi, kumbe vifo vingi hutokea siku za chungwa, watu wanapojipa moyo kwamba hali si mbaya sana. Msimu huu wa kwanza, ikiwa rangi ni chungwa au zaidi, Jumatano hiyo nenda kituo cha lifti au ulale.

Kuhusu kuazimwa vifaa. Mtu aliyefukiwa anategemea walio naye, kwa kuwa waokoaji kutoka mjini hawawezi kufika kwa wakati. Wanaotolewa ndani ya dakika 10 hupona takriban 9 kati ya 10. Wakipita dakika 30, wengi wao hawaponi. Na wapo wanaokufa kwa kugongwa na miti na mawe kabla hata ya kukosa hewa; hao beleshi haliwasaidii. Kwa hiyo kila mtu awe na bikoni, yaani kile kifaa cha redio cha kutafutana, kikiwa kimewashwa na kufungwa mwilini chini ya koti. Awe pia na fimbo ndefu ya kukunja ya kuchomea theluji, na beleshi la chuma, si la plastiki. Bikoni zote hutumia masafa ya kilohezi 457, hivyo ya kuazima itaongea na za wenzako bila tatizo. Shida ni mikono yako. Kama hujawahi kuitumia, dakika 10 zitaisha ukitafuta kitufe. Waambie wakufichie bikoni bustanini au kwenye kiwanja cha mazoezi, uitafute, uichome kwa fimbo, uichimbue. Rudia mpaka mikono iende yenyewe. Na wao wafanye vilevile, wewe ukiangalia, maana ni wao watakaokuchimbua. Simu ikae mbali na bikoni, angalau sentimita 20 wakati wa kutembea na 50 wakati wa kutafuta, kwa sababu inavuruga mawimbi yake.

Skii, buti na ngozi vikodishe dukani Jumanne jioni ili buti zipimwe kwenye mguu wako. Buti za kuazima zitakuchubua visigino kabla ya mita 200. Ngozi zibandike na kuzibandua sebuleni mara kadhaa, na ufunge na kufungua vifungio vya kisigino ukiwa umevaa glavu. Watoto watafurahia kutazama, na wewe utaokoa dakika nyingi za baridi. Ukianza kupanda uwe unahisi ubaridi kidogo. Anayeanza akiwa na joto zuri hulowa jasho, kisha hutetemeka juu. Jozi ya pili ya glavu ni lazima.

Pa kuanzia? Bonde la Millcreek, juu ya geti la majira ya baridi. Barabara hiyo hufungwa kwa magari kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 1 Julai, na watu huitembea kwa skii. Ni mpole, unajifunza mwendo na vifaa, na unaweza kugeuka dakika yoyote. Baadhi ya vituo vya lifti pia huruhusu kupanda kwa miguu kwa saa na njia walizoweka wenyewe, na kila kimoja kina sheria zake, kwa hiyo uliza kwanza. Watakutajia Grizzly Gulch, pale mwisho wa barabara ya Alta, kwa kuwa ni karibu na inafuata njia ya zamani ya wachimba madini ya fedha. Ni pazuri, lakini pamezungukwa na miteremko mikali, na hatua chache upande usiofaa zinatosha. Uende huko baada ya kozi ya maporomoko ya theluji ya daraja la kwanza, inayochukua siku tatu, na ukiwa na mtu anayejua ni upande gani wa bonde wa kushika.

Nyumbani mwachie mtu ujumbe wa maandishi: mnakwenda wapi, gari litaegeshwa wapi, na ikifika saa ngapi bila habari apige 911. Mabonde mengi hayana mtandao, kwa hiyo usitegemee kupiga mwenyewe. Na siku hiyo mpango wa kuwapeleka watoto shule usikutegemee wewe. Mzazi anayewaza kengele ya shule hushuka kwa haraka kama yule anayewaza kikao.

Kwa wenzako, andika leo. Waombe wakutumie njia yao ikiwa imechorwa kwenye ramani yenye rangi za mwinuko, wakuambie saa ya kugeuka, na wakupe jioni moja ya mazoezi ya bikoni kabla ya Jumatano. Wakikutumia vyote vitatu, na njia ikawa ya mafungu 5 chini ya nyuzi 30, nenda nao. Wakikujibu kwamba wataamua wakifika, au kwamba wamepita hapo miaka yote bila shida, washukuru kwa mwaliko, jiandikishe kwenye kozi, na utafute wa kupanda naye miongoni mwa utakaosoma nao.